Mpira Uko Njiani Tu

Fundi alikuwa na walimu watatu wa gofu, na hakuna hata mmoja aliyejua habari za wenzake. Tuseme ukweli: mwenye walimu watatu wa kitu kimoja hana mwalimu. Lakini nani angemwambia, na mambo yote alikuwa akiyafanya kwa siri?

Aliyefichwa siri hiyo alikuwa mumewe. Tangu ujana wake mume huyo alikuwa mtunza uwanja wa gofu, mtu wa mashine za kukata majani na mabomba ya kumwagilia maji, na mtaani walimwita Bwana Majani hata wale wasiojua kazi yake. Uwanja ule una desturi moja nzuri. Jumatatu hufungwa kwa wanachama ili upumzike, na siku hiyo wafanyakazi huruhusiwa kucheza wenyewe. Kila Jumatatu Bwana Majani alirudi nyumbani na nyasi kwenye soksi, amejaa furaha ambayo mkewe hakuwahi kuielewa.

"Watu wazima kabisa," Fundi alikuwa akimwambia, mguu wake ukikanyaga pedali ya cherehani. "Mnakipiga kile kiyai, mnakifuata, mnakipiga tena. Si mngekiokota tu tangu mwanzo?"

Bwana Majani alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha macho yale yale yakaanza kufifia. Daktari aliuita ugonjwa ule presha ya macho, akasema umechelewa kugunduliwa: dawa itaupunguza mwendo tu, na kilichokwisha kupotea hakitarudi. Dunia yake itazidi kuwa nyembamba kutoka pembeni kuja katikati, siku moja itajifunga. Lini, daktari hakutaja. Alichosema ni kwamba kama kuna kitu mzee anataka sana kukiona, asikiweke kiporo.

Njiani kurudi Fundi alimshika mumewe mkono. "Unataka kuona nini, baba?"

"Mpira wako ukipaa," alijibu Bwana Majani, akikitabasamia kioo cha gari. "Mmoja tu. Miaka yote hii umenicheka, nami nikucheke kidogo kabla giza halijaingia."

Alisema kwa utani, lakini Fundi aliupokea utani ule kama kiapo. Tangu siku hiyo akawa anaota. Katika ndoto mpira mweupe ulinyanyuka kutoka kwenye meza yake ya kukatia nguo, ukapita dirishani, ukapanda taratibu mpaka ukatulia mbinguni kama kifungo kilichokosekana kwenye shati la bluu. Chini yake mumewe alisimama na kiganja juu ya nyusi, anatazama. Mpira haukushuka, na yeye hakuchoka kutazama. Fundi alizinduka mguu wake ukikanyaga shuka, kana kwamba pedali imemfuata kitandani.

Basi akatafuta walimu. Alitaka ajifunze kimyakimya, kisha Jumatatu moja amshtukize mumewe.

Mwalimu wa kwanza alikuwa shemeji yake, mdogo wa Bwana Majani, dereva wa lori, mwenye mabega ya kubeba milango. "Shemeji," alimwambia, "gofu ni hasira. Mfikirie mtu aliyekuudhi, kisha mtandike." Fundi akamfikiria mteja mmoja aliyerudisha suruali akidai imebana, kumbe yeye ndiye aliyenenepa. Akatandika. Udongo uliruka mpaka kwenye nywele za shemeji, mpira ukabaki pale pale, umetulia.

Wa pili alikuwa binti yake, aliyemwonyesha video kwenye simu, watu wa mataifa mbalimbali wakizungusha fimbo polepole, mistari myekundu imechorwa juu ya miili yao. "Mama, kiwiko. Mama, nyonga. Mama, kidevu, kidevu!" Baada ya nusu saa Fundi hakuwa na uhakika kama viungo hivyo vilikuwa vyake au ameazima.

Wa tatu alikuwa mwalimu wa klabu yenyewe, kijana mpole mwenye kofia nyeupe na subira ya mtu anayefuga samaki. Huyu, tumpe haki yake, alijua kazi. Alimfundisha kuzungusha fimbo nusu tu, kwa mikono mifupi, na siku ya kwanza kabisa mpira ukanyanyuka kutoka ardhini, juu kidogo kuliko goti, ukaanguka. Fundi aliruka kama msichana. "Wiki chache tu, mama," mwalimu alisema. "Ukija kila siku, utaupaisha."

Shida ni kwamba kila alipobaki peke yake, wote watatu walikuja pamoja. Alisimama juu ya mpira kama mtu aliyefika jikoni akasahau alichofuata. Huyu anasema tandika, huyu anasema kiwiko, huyu anasema nusu. Mikono ilianza kwa hasira, ikakumbuka nyonga, ikasita katikati, na fimbo ikashuka bila mwenyewe. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na chombo hiki kilikuwa mwili wa mwanamke wa makamo mwenye mgongo uliozoea kuinama.

Mchana mmoja, wateja walipopungua, alikuwa anajizoeza ndani ya chumba chake cha kushonea kwa kutumia rula ndefu ya mbao. Cherehani ameifunika, vitambaa amevisogeza ukutani. Rula ilipita hewani, ikasita, ikapita tena. Hakusikia mlango.

"Nani anakufundisha?"

Bwana Majani alikuwa amesimama kizingitini, kikombe cha chai mkononi, kichwa amekiinamisha upande kidogo kama anayesikiliza redio ya jirani.

Fundi aliishusha rula. "Nafukuza nzi."

"Nzi hafukuzwi kwa mtindo huo. Nasikia watu watatu ndani ya mkono mmoja, na wanagombana." Akanywa chai. "Mmoja ni mdogo wangu, huyo hata kiziwi angemjua. Hao wengine?"

Ikabidi Fundi aseme yote. Alisema huku akikunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa. Alipofika kwenye sehemu ya kumshtukiza, sauti ikamkatika, na mumewe akaweka kikombe chini, akaja kukaa juu ya jora la kitambaa, karibu naye.

"Mpanda farasi wawili hupasuka msamba," alisema. "Wewe umepanda watatu, na sketi umevaa. Kwa nini hukuniambia nikufundishe mimi?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Kisha ningekufundisha."

Akamweleza njia yake, ambayo haikufanana na njia ya mtu mwingine yeyote. Kabla hajapewa mashine, Bwana Majani alianza kazi uwanjani kwa fyekeo, akifyeka nyasi ndefu za pembeni ambako mashine hazifiki. Alifyeka misimu na misimu. Jumatatu ya kwanza alipopewa fimbo, hakujua la kufanya nayo, akafyeka tu kama kawaida yake. Mpira ulikuwepo kwenye majani, ukaondoka. Wenzake walishika vichwa.

"Mimi sijawahi kupiga mpira maishani mwangu," alisema. "Nafyeka majani. Mpira uko njiani tu."

"Kwa hiyo mimi nitaanza lini kuupiga?"

"Hutaupiga. Utafyeka. Siku majani yakikubali, nitauweka njiani."

"Yatakubali lini?"

"Yatakapokubali. Na hao watu wako uwaage wote, hata mdogo wangu. Ukichanganya, mimi najitoa."

Fundi aliirudisha rula mezani. Lakini swali lilimjia: na kama majani yatachelewa, na macho yakawahi? Njia ya kijana mwenye kofia nyeupe ilikuwa ya wiki chache. Njia hii haikuwa na kalenda. Kilichokuwa kikimsukuma usiku na mchana ni mpira mmoja angani na jicho moja la kuuona, na huyu mwenye jicho ndiye anayemwambia asubiri. Alimtazama mumewe usoni akitafuta dalili ya haraka. Hakuiona.

Jioni ile, akipima gauni la mteja, alimkumbuka mwanamke mmoja aliyewahi kuja na kitambaa kizuri cha hariri na ushauri wa majirani watatu. Alitaka kola ya huyu, mikono ya yule, na pindo la mwingine. Fundi wakati huo bado mbichi, alikuwa anaogopa kumkatalia mtu. Akashona vyote. Gauni lile lilipovaliwa, lilionekana kama watu watatu wanagombania kiti. Tangu siku hiyo kila mteja aliyekuja, Fundi alimwambia jambo moja: chagua mshono mmoja, hata kama si bora kuliko yote, maana mkasi ukishapita haurudi. Alikuwa amewaambia wateja wangapi maneno hayo! Na yeye mwenyewe ameshika kitambaa kimoja tu, kinachopungua kila siku, anakizungusha hewani bila kukata.

Akakata shauri. Shemeji alipoagwa alinuna kama mtoto aliyenyang'anywa sahani. "Haya, nendeni mkafyeke," alisema, lakini kesho yake alimletea fyekeo jipya, amelifunga kwa gazeti. Binti alizima simu akamkumbatia. Mwalimu wa klabu alivua kofia. "Mlango uko wazi, mama," alisema, na alisema kweli.

Walianza nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja kisichojengwa ambacho nyasi zake zilikuwa zimefika magotini. Asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, Bwana Majani alikaa kwenye kigoda, mgongo ameupa jua, macho amefumba. Fundi alifyeka.

"Hiyo umegonga," alisema mumewe.

Akafyeka tena.

"Hiyo umekwaruza. Unaogopa ardhi. Ardhi haikudai kitu."

Tena.

"Hiyo... karibu. Lakini mdogo wangu alipita hapo katikati, nimemsikia."

Kulikuwa na sauti moja tu ambayo Bwana Majani aliitaka. Haikuwa ya mgongo wa fyekeo, wala ya ncha yake. Ilikuwa shaaa ndefu, laini, ya mkasi mkubwa unapokata kitambaa kizuri bila kufungwa na kufunguliwa, unasukumwa tu mbele. Fundi aliijua sauti hiyo. Kumbe miaka yote ilikuwa mezani kwake! Alipoitambua alisimama katikati ya nyasi, jasho likimtiririka, akaanza kucheka peke yake.

"Nini?" aliuliza mumewe.

"Hakuna. Endelea kukaa."

Siku zikaanza kuyeyuka. Asubuhi alifyeka, mchana alishona, na mpaka kati ya kazi hizo mbili ukafutika. Kitambaa kilipopita chini ya sindano alinusa nyasi. Nyasi zilipolala mbele ya fyekeo aliona pande mbili za kitambaa, ule wa kung'aa na ule wa giza. Walipomaliza kiwanja kizima, nyasi za mwanzo zilikuwa zimeshaota tena, wakarudia. Fyekeo likabadilishwa na fimbo, lakini mpira haukuletwa. Hata ndoto ilibadilika. Kifungo kile cheupe hakikuonekana tena mbinguni. Sasa aliota majani matupu yakipepea, jora lisilo na mwisho likifunguliwa kutoka chini ya miguu yake hadi mahali asipopajua, na mumewe akitembea juu yake bila viatu. Ilikuwa ndoto nzuri, lakini alipozinduka alikuwa na hofu. Ule mpira umekwenda wapi?

Kisha mambo madogo yakaanza. Asubuhi moja Bwana Majani alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina. Siku nyingine alipishana na binti yake barazani bila kumsalimu, na binti akaja chumbani kwa mama analia. Fundi alipomuuliza, mumewe alisema alikuwa na mawazo. Mawazo gani ya kumpita mtoto wako?

Mchana huo Fundi hakufungua cherehani. Alichukua fimbo, akaenda klabu, roho juu juu.

Mwalimu hakumuuliza alikuwa wapi. Alimpeleka mahali pa mazoezi, akatoa mpira kapuni, akauweka juu ya kijiti chake. "Nusu tu, mama," alisema kwa upole. "Mikono mifupi. Leo hii hii utaupaisha, na mzee unamleta kesho."

Kesho! Fundi alisogea karibu. Mpira ulikuwa mweupe, mdogo, umekaa juu ya kijiti kama unamsubiri yeye tu. Aliinua fimbo. Nusu. Akaisimamisha pale ilipoambiwa isimame, na katika ule mkono uliosita alisikia, waziwazi kabisa, watu wawili wameanza kugombana.

Aliishusha fimbo taratibu.

"Samahani, mwalimu. Kosa si lako. Wewe unafundisha vizuri, na ningeanza na wewe peke yako ningemaliza na wewe." Machozi yalikuwa yanamlenga, na hakuyaficha. "Lakini nimeshakata kitambaa."

Kijana alimtazama, kisha akaokota mpira wake, akaufuta kwa shati. "Basi kata mpaka mwisho, mama. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu. Kila hatua aliumia, maana alijua alichokiacha kule juu ya kijiti. Kesho yake asubuhi alifyeka kama kawaida, na hakumwambia mumewe alikotoka.

Ilipita mvua, nyasi zikanenepa, zikakauka ncha. Asubuhi moja Fundi alifyeka akiwa anawaza kola ya shati la mtu, si fimbo, si mpira, si macho ya nani, na Bwana Majani akanyanyuka kwenye kigoda.

"Leo siku gani?" aliuliza.

"Jumatatu."

"Vaa viatu. Majani yamekubali."

Ukungu ulikuwa bado umelala uwanjani walipofika, miti imesimama ndani yake bila miguu. Hapakuwa na mtu, ila wafanyakazi wawili kwa mbali wakivuta bomba, na sauti zao zilifika zikiwa zimelowa. Bwana Majani alimshika mkewe kiwiko, akatembea kwa hatua ya mtu aliye sebuleni kwake. Pale pa kuanzia mchezo, kuelekea shimo la kwanza na bendera yake, alisimama mwenyewe, bila kuambiwa kwamba wamefika.

Alitoa mpira mfukoni. Akachuchumaa. Fundi aliona vidole vyake vikipapasa majani, vikiyatenganisha moja moja, vikitafuta mahali pa kuulaza, kama yeye anavyotafuta tundu la sindano uzi unapogoma. Vidole vilitafuta kwa muda. Hapo Fundi akaelewa.

"Baba..."

"Fyeka," alisema mumewe, akisogea pembeni. "Uko njiani tu."

Akafyeka. Shaaa, na katikati ya shaaa ile mlio mmoja mkavu, mdogo, safi, kama kifungo kinachobanwa mahali pake. Mpira uliondoka kwenye majani. Ulipanda juu ya ukungu, ukakutana na jua, ukapaa na kupaa, mweupe, taratibu kama katika ndoto, na Fundi akageuka haraka amwone mumewe akiuona.

Bwana Majani hakuwa ametazama juu. Uso wake ulikuwa umemgeukia yeye, mkewe, umejaa tabasamu, na macho yake yalikuwa yametua pembeni kidogo ya bega lake.

Mpira ulishuka mbali huko, ukadunda, ukatulia. Fundi alikuwa analia kwa sauti.

"Hukuuona," alisema. "Nimechelewa. Umenificha, nami nimechelewa."

"Nimekuficha, ndiyo. Na wewe ulinificha walimu watatu."

"Yule kijana angenifundisha haraka! Wiki chache tu, ungeuona, wakati ule bado..."

"Wakati upi?" Bwana Majani alimtafuta mkono, akaupata. "Siku ile nilipokukuta na rula, nilikuwa nimeshaacha kuiona mipira angani. Hata yangu. Nilikuwa nauliza wenzangu, imekwenda wapi, wakidhani natania. Mpira wa kupaa ungekuwa wako peke yako, mke wangu. Ndiyo maana nikakufundisha wa kusikika."

Fundi alisimama na fimbo mkononi, umande ukimpanda miguuni, na ile shaaa bado ikitembea ndani ya mikono yake.

"Nimeusikia wote," mumewe alisema. "Kuanzia kwenye majani. Haya, usinilizie uwanja, nimeutunza miaka mingi. Niambie umelala wapi."

Yeye aliyekuwa akiwacheka watu wazima wanaofuata kiyai alifuta macho kwa mkono wa gauni, akatazama kwa makini, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kuweka chaki.

"Kushoto kwa bendera," alisema. "Kwenye mteremko mdogo, karibu na ule mti ulioinama. Majani ya hapo yana rangi tofauti kidogo."

"Hayo niliyapanda mwenyewe," alisema Bwana Majani, akauachia mkono wake, akatangulia.